Kioo cha Taa ya Ishara

Saa kumi na dakika ishirini jioni, Jumapili tarehe 31 Oktoba 1948, treni ya abiria kutoka Tabora ilisimama kwenye stesheni ndogo iliyo kabla ya kufika Igalula, na mtu mmoja tu akashuka. Alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, amevaa sare ya chuo cha ualimu, na mkononi alishika boksi tupu la sabuni.

Kasimiri alimwona akiwa kwenye pointi, hatua mia mbili kutoka jukwaani. Kazi yake ilikuwa kuvuta mtaimbo unaohamisha reli, ili treni ifuate njia kuu au iingie njia ya pembeni. Alimjua binti yake Pelagia kwa mwendo. Uso aliuona baadaye, baada ya kugeuza kichwa kidogo kulia ili jicho la kushoto litangulie. Hivyo ndivyo alivyotazama kila kitu. Alikuwa ameshika pointi ile miaka kumi na saba, na hakuna behewa lililowahi kuacha reli mikononi mwake.

Chuo kilikuwa kimefunga siku moja kwa ajili ya Sikukuu ya Watakatifu Wote, na mwalimu aliwapa wanafunzi kazi ya kwenda nayo makwao. Kesho yake asubuhi, mara tu baada ya kuchomoza, jua lingepatwa. Kila mwanafunzi aifundishe familia yake jinsi mwezi unavyolifunika jua, awaonyeshe namna ya kuliona bila kuharibu macho, kisha aandike kwenye daftari kilichoonekana na saa kilipoonekana.

Pelagia hakupoteza muda. Alifunga mlango wa jiko, ambao ulikuwa wa bati, akawasha koroboi, akaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa. Mama yake, Getruda, alikaa kwenye kigoda akichambua mchicha. Mdogo wake Flavia, mwenye miaka tisa, alisimamishwa katikati.

"Koroboi ndiyo jua," Pelagia alisema. "Wewe ndiye dunia. Funga jicho moja. Shika karanga hii mbele ya jicho lako, uisogeze polepole mpaka iufunike moto."

Flavia alifanya hivyo. "Limekufa!"

"Halijafa. Karanga ni ndogo lakini iko karibu nawe, na koroboi ni kubwa lakini iko mbali. Mwezi nao ni hivyo hivyo. Sasa usiusogeze mkono. Sogeza kichwa kidogo kulia."

"Naona moto upande mmoja."

"Hapo ndipo tulipo sisi. Watu wa Nairobi watafunikiwa jua lote. Sisi wa huku tutabakiziwa ukingo."

"Kumbe halimezwi na kitu," Getruda alisema. "Ile Januari ya mwaka ishirini na sita, kule kwetu Lusu, mama alipiga sufuria kulitisha lile jitu linalomeza jua, akapiga mpaka sufuria ikapasuka. Jua likarudi, lakini usiku ule tuliazima chungu cha kupikia ugali."

Wote walicheka, isipokuwa Kasimiri, aliyekuwa ameingia wakati huo akasimama karibu na mlango.

Pelagia alichukua msumari, akatoboa mlango wa bati tundu dogo kuliko punje ya mtama, kwenye kimo cha kifua. Mlango ulielekea mashariki. Ukutani, hatua tatu ndani, alibandika karatasi nyeupe. Asubuhi mwanga ungepita tunduni na kuchora jua pale kwenye karatasi, duara lenye upana wa kifungo cha koti, likiwa limepinduliwa juu chini. Boksi la sabuni nalo lilitobolewa upande mmoja na kubandikwa karatasi upande wa pili, kwa mtu anayetaka kukaa nje. Huyo alipaswa kulipa jua kisogo, atazame ndani ya boksi.

"Kwa hiyo hatulitazami?" Flavia aliuliza.

"Tunatazama picha yake. Lenyewe halitazamwi kabisa, hata likibaki kama ukucha."

"Hodi humu jikoni! Mnapika nini mlango umefungwa?"

"Tunapika jua!" Flavia alijibu.

Aliyeingia alikuwa Mabruki, karani wa stesheni, mzaliwa wa Gongoni mjini Tabora. Alikuwa mtu mcheshi katika kila jambo lisilohusu kanuni za reli. Mwaka uliotangulia alimwandikia ripoti shemeji yake mwenyewe, ndugu wa mkewe Kuluthumu, kwa kuacha taa ya ishara izimike, na shemeji akafukuzwa kazi. Kuluthumu alikaa siku nane bila kumsemesha. Mabruki alisema siku nane si nyingi.

"Shikamoo, baba Maua," Pelagia alisema.

"Marahaba, mwalimu. Nimesikia mnafundishana mambo ya kesho, nikaona nisije mikono mitupu." Alifungua leso. Ndani mlikuwa na vipande sita vya kioo chekundu, kingo zake zimesuguliwa kwa jiwe. "Taa ya ishara ilipasuka mwezi wa saba, nikaviweka. Kesho jukwaani kila nyumba itapata kipande. Wengine watachungulia ukutani kama panya. Sisi watu wa reli tutalitazama lenyewe."

"Mwalimu ametukataza kioo cha rangi, baba Maua. Na kioo kilichopakwa moshi, na kutazama kwenye beseni la maji. Vyote."

"Mwalimu wenu amewahi kushika taa ya reli?"

"Sidhani."

"Basi. Kioo hiki kimekaa mbele ya moto kila usiku kwa miaka, na mimi nimeutazama moto huo kwa macho haya haya. Nimepofuka?" Akamgeukia Kasimiri. "Mwambie mwanao, ndugu yangu. Wewe unakijua kioo hiki kunizidi."

"Labda tumsikilize mwalimu," Kasimiri alisema.

"Labda! Mnyamwezi anaogopa jua! Babu zako walilibeba utosini pamoja na pembe za ndovu kutoka hapa hadi Bagamoyo." Aliacha kipande kimoja juu ya kinu, akamuaga Getruda kwa kumwita shemeji, akaenda zake.

Kasimiri alikitwaa kile kipande, akatoka nacho nje. Alikijua kuliko Mabruki alivyofikiri.

Alhamisi tarehe 14 Januari 1926 alikuwa na miaka kumi na tisa, kibarua wa gengi la kutengeneza njia karibu na Igalula. Jua lilipoanza kupatwa, mnyapara aliwagawia vipande vya taa iliyovunjika, kwa hoja ile ile: kioo kilichotengenezwa kukaa mbele ya moto hakiwezi kushindwa na jua. Kasimiri alifumba jicho la kushoto, akaweka kipande kwenye la kulia, akatazama tangu mwanzo hadi mwisho. Jua lilikuwa duara jekundu, tulivu, lisilochoma. Kioo kilikuwa kimepunguza mwanga, kwa hiyo jicho halikujikinga. Ila joto lisiloonekana lilipita vilevile. Hakusikia maumivu hata kidogo. Jioni, kwa mchezo tu, alifumba tena jicho la kushoto. Mwenzake aliyeketi mbele yake alikuwa na masikio, shingo na mabega, lakini hakuwa na uso.

Doa lile halikuondoka. Mwaka 1931 alipoomba kazi ya pointi alipimwa macho. Alifunika jicho la kulia kwa kiganja cha kulia, akasoma herufi zote. Alipoambiwa abadilishe, alibadilisha kiganja, akalifunika jicho lile lile kwa mkono wa kushoto. Mpimaji alikuwa ameinamia karatasi. Mbinu ile ilimfaa mara nne zaidi. Kanuni ilitaka mshika pointi awe na macho mawili mazima. Angejulikana, angepoteza kazi siku hiyo hiyo, pamoja na nyumba, kwa kuwa nyumba ilikwenda na kazi. Kwa hiyo hakumwambia mtu. Getruda alijua kwamba mumewe hugeuza kichwa. Hakujua kwa nini, na hakuwa ameuliza.

Kabla jua halijatua Kasimiri alikwenda barazani kwa Mabruki.

"Vile vioo, bwana Mabruki, usiwape watoto."

"Vina nini?"

"Kulikuwa na mtu kwenye gengi, zamani. Kioo kama hicho kilimharibia jicho."

"Nani huyo? Jina lake?"

Kasimiri aligeuza kichwa kuelekea njia ya reli.

"Yuko wapi sasa?"

"Alihama gengi."

Mabruki alicheka bila ubaya. "Basi akirudi mlete hapa barazani, tumsikilize."

Asubuhi ya Jumatatu tarehe mosi Novemba jua lilichomoza saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili juu ya miyombo upande wa Igalula. Mbingu ilikuwa safi, ingawa mvua za kwanza zilikwisha kunyesha. Lilipopanda juu ya miti, mwanga uliingia tunduni, na duara likatokea kwenye karatasi. Pelagia aliandika kwenye daftari: saa 12 na dakika 25, sehemu ndogo imeliwa, chini kushoto katika picha, kwa hiyo juu kushoto kwenye jua lenyewe.

Kasimiri alikuwa amekwisha kuvaa koti la kazi. Treni ya mizigo kutoka Igalula ilitarajiwa saa moja na dakika ishirini, na alipaswa kuwa kwenye pointi saa moja kamili. Alitazama karatasi mpaka pengo lilipofika karibu nusu ya duara. Ndipo alipogundua kwamba waliokuwa jikoni ni watatu.

"Flavia yuko wapi?"

"Yuko kwa Maua," Getruda alisema. "Amesema ukutani hakuna utamu."

Jukwaani walikuwa watu kumi na wanane, wengi wao watoto wa vibarua wa gengi. Mwanga ulikuwa umeanza kufifia kama wakati wa wingu, ila vivuli vilikuwa vikali. Mabruki alishika saa yake ya mfukoni na kupanga zamu. Lugembe, kijana wa gengi, alikuwa na kipande chake mwenyewe tangu mwanzo, na hakukishusha.

"Likoje, Lugembe?" mtu mmoja aliuliza.

"Kama chungwa lililotafunwa na mke wako."

"Watoto sasa!" Mabruki aliita. "Mmoja mmoja, hesabu mia, kisha mwenzake. Maua, anza wewe."

Maua, binti wa Mabruki, alikuwa na miaka kumi. Flavia alisimama nyuma yake, amemshika gauni asiporwe zamu. Maua alipokea kioo, akafuta vumbi kwa kidole, akaanza kukiinua.

Kasimiri alivuka reli. Alikishika kioo pamoja na mkono wa mtoto, akavishusha vyote viwili.

"Mama Maua," alimwambia Kuluthumu, "mzuie mtoto asitazame. Na huyu wangu."

"Kasimiri, una nini leo?" Mabruki aliuliza.

"Yule mtu wa gengi ni mimi."

Mabruki hakuelewa mara moja. Watu waliokuwa karibu waligeuka.

"Kwenye njia ya pembeni pana mabehewa manne," Kasimiri alisema. "Nitakusomea namba ya la mwisho." Alifunika jicho la kulia, akasoma namba yote, tarakimu tano. Kisha akashusha mkono ule na kufunika jicho la kushoto. "Sasa naona magurudumu. Naona paa. Namba siioni. Hata pale ilipoandikwa sipaoni."

"Pengine ni mbali."

"Njoo karibu, basi."

Mabruki alisimama mbele yake kwa umbali wa mkono mmoja, akainua vidole. "Vingapi?"

"Naona kiwiko chako."

Mabruki aliongeza kidole, akapunguza, akahamisha mkono. Kila mara Kasimiri alitaja kilicho pembeni na kukosa kilicho katikati. Mwishoni Mabruki aliushusha mkono polepole.

"Kioo kama hiki?"

"Kama hiki. Jua lile la mwaka ishirini na sita. Nililitazama lote."

"Mbona mimi sisikii maumivu yoyote?" Lugembe alisema, kioo bado jichoni.

"Mimi pia sikuyasikia. Nilijua jioni."

Kuluthumu alikuwa wa kwanza kufanya jambo. Alitandaza upindo wa kanga yake, akazunguka jukwaa zima. "Leteni. Leta hapa. Na wewe Lugembe, usinifanye nikupande begani." Vipande vinne alivipata mara moja, cha Lugembe kilikuja mwisho. Lugembe alikuwa ametazama kwa muda usiopungua dakika ishirini.

Mabruki alimvuta Kasimiri kando, mpaka ukutani mwa ofisi.

"Na ulipopimwa?"

Kasimiri alimweleza habari ya viganja.

"Mara zote?"

"Mara tano."

"Kwa nini hukuniambia jana, barazani, tukiwa wawili?"

"Ungeandika."

Mabruki alitazama saa yake, ingawa alikuwa ametoka kuitazama. "Ningeandika," alisema. "Na leo mbele ya watu kumi na wanane nitaachaje?"

"Sikukuomba uache."

"Ungetafuta uongo wowote, Kasimiri. Ungesema umeota. Ungevipora vioo ukavitupa chooni."

"Ungemuuliza huyo aliyeota jina lake. Maua alikuwa amekwisha kuinua mkono."

Mabruki alifunga kifuniko cha saa. Ilikuwa saa moja kasoro dakika kumi na mbili. "Nipe bendera," alisema. Kasimiri alimpa nyekundu na kijani, na Mabruki akatembea peke yake kwenda kwenye pointi, hatua mia mbili, akiwa na kanzu yake chini ya koti la reli.

Kasimiri aliwapeleka watoto jikoni. Walikuwa kumi na mmoja, na waliingia kwa zamu, watano kwa sita. Waliobaki nje walipokezana boksi la sabuni wakiwa wamelipa jua kisogo. Pelagia alisimama mlangoni akihesabu. Kwenye karatasi jua lilikuwa limebaki mundu mwembamba. Saa moja na dakika saba aliandika kwamba mundu haukuendelea kupungua. Nje kulikuwa na ubaridi, na mwanga ulikuwa wa rangi ya risasi. Kuku wa Kuluthumu walirudi bandani.

Kasimiri aliutazama mundu ule. Kisha, bila kujificha safari hii, alifunika jicho la kushoto. Aliona kingo za karatasi na vichwa vya watoto.

Getruda alikuwa amesimama karibu naye. Habari ilikwisha kumfikia.

"Na uso wangu je?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kwa hili la kushoto nauona wote."

"Na kwa lile?"

"Sijawahi."

Getruda aliuchukua mkono wake, akaushusha kutoka usoni. "Ungeniambia, baba Pelagia. Ningekaa kushoto." Hakusema zaidi, kwa sababu Flavia aliuliza mbona mundu umegeuka, na Pelagia akaanza kumweleza.

Treni ya mizigo iliingia saa moja na dakika ishirini na nne. Mabruki aliipitisha salama. Ilipokwisha kupita alitandika koti lake kando ya reli, akasali swala ya kupatwa kwa jua, kwa kuwa jua lilikuwa bado halijaachiliwa. Alirefusha sijida kuliko kawaida. Saa mbili na dakika kumi duara kwenye karatasi lilikuwa zima tena, na Pelagia akafunga daftari. Familia ilikwenda kusali sala za Watakatifu Wote kanisani kwa katekista saa tatu, na Kasimiri alikaa benchi la nyuma.

Baada ya ibada Mabruki alimwita ofisini, akamsomea ripoti kabla ya kuipeleka. Ilisema jina, kazi, miaka ya kazi, jicho lililoharibika, mwaka wa kuharibika, na jinsi vipimo vilivyodanganywa. Ilisema pia kwamba vioo viligawiwa na karani mwenyewe, na kwamba mshika pointi alijitaja kwa hiari ili kuwazuia watoto wasivitumie.

"Nimekosea mahali?"

"Umeandika nilikukabidhi bendera saa moja kasoro kumi. Ilikuwa kasoro kumi na mbili."

Mabruki alisahihisha. Kisha akakaa kwenye mashine ya simu na kugonga habari Tabora. Jibu lilikuja saa tano na robo: asishike pointi tena mpaka apimwe. Saa tisa alasiri mtu wa kushika zamu, Anselm, aliwasili kwa toroli ya reli, na Kasimiri akamwonyesha mahali ambapo mtaimbo hukwama wakati wa mvua.

Jumanne Lugembe hakuja kazini. Alionekana akipita njia ya zamani ya misafara kuelekea Tabora, ameshika bega la mwenzake. Alikokwenda na alichoambiwa huko havijulikani.

Kasimiri alipimwa Tabora tarehe 5 Novemba. Barua ilifika tarehe 12: ameachishwa kazi ya pointi kwa upungufu wa macho na kwa udanganyifu, na nyumba aikabidhi mwezi usiishe. Mabruki naye aliandikiwa onyo kwa kutumia mali ya reli nje ya kazi. Aliibandika barua hiyo ukutani ofisini, mahali pa matangazo.

Jumanne tarehe 30 Novemba, saa mbili na nusu asubuhi, Kasimiri alikabidhi ufunguo, na yeye, Getruda na Flavia wakashika njia kwa miguu, mizigo mingine ikifuata kwa toroli. Getruda alikuwa na barua ya Kuluthumu kwa wifi yake, aliyoifunga kwenye pindo la kanga. Saa tisa alasiri walifika Gongoni mjini Tabora, na dada yake Mabruki akawafungulia chumba cha uani.